Siku sita Jatiluwih, kijiji kinachogawa maji kwa gogo

Jumamosi

Semina iliyonileta Denpasar, mji mkuu wa kisiwa cha Bali nchini Indonesia, ilimalizika jana jioni, na ndege yangu ya kurudi Dar es Salaam ni Ijumaa ijayo. Wenzangu wengi wameteremkia ufukweni. Mimi tangu nilipoiona ratiba nilijua siku hizi nitazipeleka wapi.

Nimekulia Usangu, wilayani Mbarali, kwenye majaruba ya mpunga. Marehemu baba alikuwa akilala mferejini na tochi na panga kila zamu yake ya maji ilipoangukia usiku, maana ukisinzia nusu saa tu, mwenzako wa juu keshafungulia kwake. Nimeona watu waliosoma darasa moja wakipigana kwa makoleo kwa ajili ya maji ambayo hayajazi pipa. Nilipokuja kuwa bwana shamba, kesi nyingi nilizoletewa hazikuwa za mbegu wala mbolea, zilikuwa za maji. Mto wetu, Ruaha Mkuu, ulikatika kwa mara ya kwanza ndani ya hifadhi mwaka 1993, na tangu hapo sisi wa juu na wenzetu wa chini tunanyoosheana vidole. Kwa hiyo niliposoma kwamba kisiwani Bali wakulima wa mpunga wanagawana maji kwa utaratibu wao wenyewe tangu karne ya 9, nilijiwekea nadhiri: nikipata njia, nitakwenda kuona kwa macho yangu.

Kutoka Denpasar hadi kijiji cha Jatiluwih ni kama kilomita 50, lakini barabara ni nyembamba na pikipiki ni nyingi, tukatumia karibu saa mbili. Tulipita Mengwi, tukapita Tabanan mjini, tukaanza kupanda kuelekea Penebel. Kadiri tulivyopanda maduka yalipungua, minazi ikaongezeka, hewa ikapoa. Kisha gari lilikata kona moja, na bonde lote likafunguka.

Picha za Jatiluwih zimesambaa dunia nzima, na nilidhani zimenizoesha. Hazikunizoesha. Mlima Batukaru, wenye urefu wa mita 2,276, kilele chake kilikuwa ndani ya wingu, na kuanzia miguuni pake mashamba yanashuka ngazi kwa ngazi hadi jicho linapokoma. Hakuna jaruba la mraba. Kila moja limefuata mgongo wa kilima kilivyo: lingine pana kama uwanja wa mpira, lingine jembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani ndani yake. Nusu ya bonde ilikuwa ya dhahabu, mpunga umeiva. Nimefika wakati wa mavuno ya mpunga mwekundu, wa kienyeji, unaopandwa karibu na Januari na kuvunwa Juni na Julai.

Mwenyeji wangu ni mkulima mwenye umri wa baba yangu mdogo, na amejenga vyumba viwili vya wageni uani kwake. Ua wenyewe umezungushiwa ukuta, na ndani yake kuna vijumba kadhaa badala ya nyumba moja: cha kulala wazee, cha kupikia, cha sherehe kisicho na kuta, na ghala la mpunga lililoinuliwa juu ya nguzo. Kwenye pembe ya upande wa mlimani ndipo palipo na madhabahu za ukoo. Hapa kaskazini na kusini si maneno ya kila siku. Watu husema kaja, upande wa mlimani, na kelod, upande wa baharini, hata wakikuelekeza chumbani ilipo sahani. Mtu wa Kilimanjaro angewaelewa mara moja.

Majina nayo yalinipa kazi. Mtoto wa kwanza huitwa Wayan, wa pili Made, wa tatu Nyoman, wa nne Ketut, awe wa kiume au wa kike. Akizaliwa wa tano, mnarudi kwa Wayan. Ni kama Kulwa na Doto wetu, ila wao wameliendeleza kwa watoto wote. Mwenyeji wangu ni wa nne, na jirani yake ni wa nne, na fundi pikipiki wa njia panda ni wa nne. Mimi namwita Pak, na mkewe Bu, kama wanavyoitwa watu wazima wote wa heshima Indonesia.

Jambo la kwanza waliloniuliza lilikuwa kama mimi ni Mwislamu. Wabali wengi ni Wahindu, na nguruwe yumo katika vyakula vyao vingi vya sherehe. Nilipojibu ndiyo, Bu aliingia jikoni akatoka na sufuria mpya ambayo haijapikiwa kitu. Alikuwa ameinunua jana yake, mwanawe alipompigia simu kwamba anakuja mgeni kutoka Afrika ambaye huenda ni Mwislamu. Sikujua niseme nini. Nilisema terima kasih, asante, mara tatu.

Jumapili

Leo ndiyo siku niliyoijia.

Tulitoka alfajiri, Pak mbele, mimi nyuma, na mwanawe wa kiume aliyesomea utalii akitafsiri. Baridi ilikuwa ya kuhitaji sweta, maana hapa ni kama mita 700 juu ya usawa wa bahari. Tulifuata mfereji kwenda juu. Mahali fulani mfereji ulizama ndani ya kilima, ukaingia kwenye handaki lililochimbwa kwa mikono, ukatokea upande wa pili. Pak alisema hajui ni babu wa nani aliyelichimba, ila anajua ni zamu ya nani kulisafisha mwaka huu.

Tukafika kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni. Ni ukuta mfupi wa mawe na saruji, wa kawaida tu. Pak hakusimama hapo. Alinipeleka hatua kama mia mbili chini yake, akachuchumaa, akaniashiria nichuchumae.

Mfereji ulikuwa umelazwa gogo la mnazi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Gogo hilo limechongwa upande wa juu likawa bapa, kisha likakatwa mapengo mawili. Wanaliita tembuku. Nilikuwa nimeliona kwenye michoro, lakini mchoro haukunionyesha jinsi lilivyo dogo wala lilivyochongwa kwa uangalifu. Niliomba ruhusa nipime. Pengo la kushoto lilikuwa la vidole kumi na viwili, la kulia vidole vinne. Kina cha mapengo yote mawili ni kimoja, nilikipima kwa kijiti mara mbili kuhakikisha. Maji yalikuwa yakipita juu yake laini kama kioo, bila povu, kisha yanaanguka na kugawanyika: mafungu matatu kushoto, fungu moja kulia.

Nilikaa pale nikitazama kwa muda mrefu, na nitaeleza kwa nini. Kwetu kwenye skimu tuna malango ya chuma yenye gurudumu na kufuli. Lango hufunguliwa na kufungwa, kwa hiyo kila siku kuna swali la nani ana ufunguo, na nani amemwendea mwenye ufunguo jioni. Tembuku haifunguliwi wala haifungwi. Kama kina cha mapengo ni sawa na gogo limelala sawasawa, maji yakiwa mengi yatagawanyika tatu kwa moja, na yakiwa kidogo yatagawanyika tatu kwa moja. Ukame ukija unawapunguzia wote kwa kiwango kilekile. Na mpita njia yeyote, hata mtoto, anaweza kuona kwa macho kama mtu amechezea gogo.

Fungu moja la maji huitwa tektek. Mwenye shamba kubwa ana tektek nyingi, na kwa hiyo anadaiwa siku nyingi za kusafisha mfereji na mchango mkubwa zaidi. Mtu akiwa na shida, mbegu yake imechelewa au shamba lake linavuja, anaweza kukopa maji kwa jirani, lakini anaomba kwanza. Pak alilisisitiza hilo: anaomba kwanza.

Chama chenyewe kinaitwa subak. Mipaka yake haifuati kijiji, inafuata maji. Wote wanaokunywa mfereji mmoja ni subak moja, hata kama wanalala vijiji tofauti na kupigia kura watu tofauti. Kiongozi wao, pekaseh, huchaguliwa na wanachama. Sheria zao, awig-awig, zina faini kwa kila kosa, kuanzia kukosa kazi ya mfereji hadi kuiba maji. Niliuliza kama maji huibwa. Nilitaka jibu la kweli, si la watalii. Pak alicheka kidogo akasema binadamu ni binadamu, na kwamba kiangazi kikiwa kikali hata hapa watu wamewahi kulala mferejini. Lakini mwizi husomewa kosa lake mkutanoni mbele ya wote, analipa, na wajukuu wake watalisikia.

Pembeni mwa tembuku palikuwa na kijimadhabahu cha mawe chenye kimo cha mtoto. Kila mkulima anacho kimoja pale maji yanapoingilia shambani kwake, subak nzima ina hekalu lake, na subak nyingi kwa pamoja zina hekalu kubwa zaidi, hadi kufikia Pura Luhur Batukaru lililomo msituni kwenye ubavu wa mlima. Hekalu ndilo linalopanga kalenda: lini maji yafunguliwe, lini kitalu kimwagwe, lini wote wapandikize.

Nilimwuliza Pak lile swali linalonisumbua tangu Usangu. Aliye juu maji anayo tayari. Kwa nini amhurumie aliye chini? Alijibu kwa neno moja: tikus. Panya.

Nilikuwa nimelisoma hili, lakini kulisikia kwa mkulima ni kitu kingine. Mmarekani mmoja mtaalamu wa mila na jamii, Stephen Lansing, alikaa miaka mingi akichunguza mahekalu haya ya maji, na mwaka 1993 yeye na mwanaikolojia James Kremer walichapisha kielelezo cha kompyuta kilichoonyesha kinachofanyika. Mkulima wa chini anaogopa kukosa maji. Mkulima wa juu anaogopa wadudu na panya. Kama kila mtu atapanda kwa wakati wake, daima kutakuwa na shamba bichi mahali fulani, na panya watahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule mwaka mzima. Bonde lote likipanda pamoja na kuvuna pamoja, kisha likafurikishwa au kuachwa wazi pamoja, wadudu wanakosa pa kula wala pa kulala. Kwa hiyo wa juu anampa wa chini maji ili wa chini akubali kupanda naye siku moja. Kila mmoja ana kitu mkononi ambacho mwenzake anakihitaji.

Kwetu tuliwahimiza watu wagawane maji kwa kuwaambia habari za upendo na amani. Hatukuwahi kuwaambia habari za panya.

Jumatatu

Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, mavuno yamesimama. Nimeshinda uani.

Bu na mkamwana wake walikuwa wakisuka canang, vikapu vidogo vya makuti machanga, vidogo kuliko kiganja. Ndani wanaweka maua kwa mpangilio: meupe mashariki, mekundu kusini, ya njano magharibi, ya buluu au kijani kaskazini, na juu yake kijiti cha ubani. Kila siku wanatengeneza, kila siku wanaviweka, kesho yake vimenyauka na kufagiliwa. Kabla hatujala, wali wa kwanza kutoka jikoni uliwekwa punje chache chache juu ya vipande vya jani la mgomba, na kupelekwa jikoni penyewe, kisimani, langoni. Baada ya hapo ndipo tukala.

Wali wenyewe ni mwekundu, mgumu kidogo kutafuna, na una harufu kama ya karanga. Hapa niliona jambo lililonifurahisha sana. Ukimwambia Mzungu habari za mpunga, mchele na wali, analo neno moja tu kwa vyote vitatu. Waindonesia wanayo matatu kama sisi: padi ukiwa shambani, beras ukishakobolewa, nasi ukiwa sahanini. Na si hayo tu. Wakikujulia hali wanasema “apa kabar”, na kabar ndiyo habari yetu. Musim ni msimu, waktu ni wakati, sabun ni sabuni, rezeki ni riziki, dunia ni dunia. Meja ni meza na bendera ni bendera, hayo tuliachiwa wote na Wareno. Mimi na mwanawe Pak tulikaa tukiyatafuta kama watoto wanaookota makombe pwani.

Jioni mzee mmoja jirani alikuja kuvuta sigara barazani. Ilikuwa kretek, sigara yenye karafuu, na moshi wake uliponifikia nilikuwa Pemba ghafla, msimu wa kuanika. Nilimweleza kwamba karafuu zetu za Zanzibar asili yake ni visiwa vya Maluku, huku huku Indonesia, zikafika kwetu kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 19. Na kwamba baadaye Indonesia ilikuja kuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu hizohizo, kwa ajili ya sigara kama aliyoishika. Aliitazama ile sigara, akaigeuza, akaivuta tena taratibu.

Naye akanisimulia yake. Kuanzia miaka ya 1970 maafisa kilimo walikuja na mbegu mpya fupi, mbolea na dawa, wakawaambia wakulima wa Bali wapande mara nyingi wawezavyo na wasisubiri kalenda ya hekalu. Misimu ya kwanza mavuno yaliongezeka kweli. Kisha alikuja wereng, mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mpunga mpaka shamba linageuka rangi kama limeunguzwa na moto. Walipiga dawa, mdudu akarudi. Walipiga zaidi, akarudi zaidi, kwa sababu dawa ilikuwa ikiua buibui na wadudu wengine wanaomla. Indonesia ilitangaza mwaka 1984 kwamba imejitosheleza kwa mchele, na miaka miwili tu baadaye, 1986, serikali hiyohiyo ilipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Wakulima wakarejea kupanda pamoja.

Mzee alisimulia bila hasira. Mimi ndiye niliyekosa raha, maana na mimi ni afisa kilimo. Nimewahi kusimama mbele ya wazee nikiwaambia waachane na Supa, ile ndefu yenye harufu, wachukue Saro fupi yenye mazao mengi. Saro imewasaidia wengi na sijutii hilo. Ninachojutia ni kwamba sikuwahi kuwauliza wale wazee kwa nini walikuwa wakipanda siku walizokuwa wakipanda.

Jumanne

Jua limetoka. Saa moja asubuhi tulikuwa shambani.

Mpunga mwekundu wa hapa ni mrefu, unanifika kifuani, na unavunwa kwa kisu kinachoitwa ani-ani. Ukikiona mezani hutajua ni cha kazi gani: kipande cha ubao kisichozidi kiganja, chenye wembe mfupi uliopachikwa ubavuni. Mvunaji anakificha ndani ya mkono, wembe unachungulia katikati ya vidole. Anaukamata mpunga suke moja moja, analivuta kwenye wembe kwa vidole viwili, linakatika na bua lake refu, anahamia lingine. Kelele yake ni ndogo sana, tk, tk, tk, kama mtu anayekata uzi kwa meno.

Kwa nini usumbufu wote huo wakati mundu upo? Mpunga ni mwili wa Dewi Sri, mungu wao wa kike wa mpunga, na haifai aione silaha. Ndiyo maana wembe unafichwa. Hiyo ndiyo sababu wanayokupa. Lakini nikiwa shambani niliona na sababu nyingine, wala haipingani na ile ya kwanza: suke bichi linaachwa likomae, suke lililonona linatengwa kwa mbegu, na hakuna punje inayopukutika kwa kishindo cha mundu. Mbegu ya hapa imechaguliwa kwa vidole, suke kwa suke, vizazi na vizazi.

Nilipewa ani-ani nami nikajaribu, nikiwa katikati ya wanawake saba. Mama mmoja aliyekaribia umri wa bibi yangu alinishika mkono na kunipindisha kidole gumba taratibu mpaka kikakaa sawa, bila kusema neno, kwa kuwa hatukuwa na lugha. Tangu hapo kazi ilikwenda. Masuke yakitosha unayafunga kwa bua mganda mmoja, unakung'uta miguu ya mganda kwenye udongo ili masuke yalingane, unaweka ukingoni. Wanaume wanabeba miganda kwa mti begani, huku na huku, mpaka nyumbani inakoanikwa, halafu inapanda ghalani. Haipurwi shambani. Mpunga unakaa ghalani na masuke yake, unapurwa kidogo kidogo unapohitajika.

Kabla ya kila mtu kuanza, Bu alikuwa amekata masuke ya kwanza peke yake na kuyafunga kwa namna ya umbo la mtu, akalivika jani na maua. Huyo ni Dewa Nini. Atakaa ghalani juu ya mpunga mwingine hadi msimu ujao.

Juu yetu vijana walikuwa wakiamia ndege. Ndege wao ni wadogo wa kahawia, si balaa la kwelea-kwelea, lakini wanakula. Kamba zimetandazwa shamba zima zikiwa zimefungwa makopo, na zote zinakutana kwenye kibanda. Anayelinda anavuta kamba moja na bonde lote linalia. Nililinda mpunga wa baba kwa kombeo na sauti yangu mwenyewe mpaka ikakauka, kila siku baada ya shule. Ile kamba moja ningeitaka sana wakati ule.

Kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa waliletwa bata. Mchungaji alikuja na kundi lake likimfuata nyuma ya fimbo ndefu yenye kitambaa cheupe, akaichomeka fimbo katikati ya jaruba lenye maji, akaondoka zake. Bata walishinda pale kutwa, wakichakura punje zilizoanguka, konokono na wadudu, bila kwenda mbali na ile fimbo. Jioni alirudi akaing'oa, nao wakamfuata nyumbani. Wamezoeshwa tangu vifaranga. Nimeinakili hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari mara mbili.

Jumatano

Mguu unauma, mgongo unauma, nimelala mpaka saa mbili.

Mchana tulikwenda barabara kuu ya kijiji, upande ambao watalii wanaishia. Jatiluwih imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2012, pamoja na maeneo mengine ya subak kisiwani, jumla yake hekta 19,500. Orodha inataja falsafa yao ya Tri Hita Karana, sababu tatu za ustawi: kuelewana na Mungu, kuelewana na watu, kuelewana na ardhi. Tangu hapo mabasi yanakuja kila siku, mgeni analipa kiingilio, na migahawa imejipanga ukingoni ikitazama mashamba.

Mwanawe Pak alinieleza jambo hili kwa uchungu, na nimeahidi kuliandika. Mgeni analipa kuja kutazama mpunga, lakini fungu la mkulima anayelima huo mpunga ni dogo. Wenye migahawa wanapata, wenye magari wanapata, na mkulima anasimama matopeni akipigwa picha. Kila jaruba likijengwa mgahawa kuna pengo kwenye gogo fulani ambalo halina tena maana, na siku za kazi za yule aliyeuza zinawaangukia waliobaki. Rafiki zake wengi wa shule wako kwenye hoteli za kusini. Yeye mwenyewe yuko nusu kwa nusu. Anaipenda ardhi, ila hataki kuzeeka na mgongo wa baba yake. Baba yake alikuwa akisikiliza bila kuelewa Kiingereza chetu, na nadhani alielewa.

Jioni kulikuwa na mkutano wa subak kwenye baraza lao. Niliruhusiwa kukaa mwishoni. Walikuwa wakipanga msimu wa pili, ule wa mbegu za muda mfupi: nani ameshavuna, nani bado, maji yarudishwe lini. Wanaume kama arobaini wamekaa chini wamekunja miguu. Pekaseh hakupaza sauti hata mara moja. Mmoja wa chini alitaka maji mapema kwa siku tano; wa juu mmoja akasema bado ana mpunga umesimama na maji yakija utalala. Walizunguka hilo kwa muda wa karibu saa moja, na nilijikuta nimeukaza mwili nikisubiri mtu ainuke, maana kwetu hapo ndipo watu huinuka. Hakuinuka mtu. Waliafikiana kwamba wote watakwenda kumsaidia yule wa juu kuvuna kesho kutwa, halafu maji yatafunguliwa siku ya tatu. Iliandikwa. Ikaletwa kahawa.

Alhamisi

Gari litanifuata saa sita. Niliamka mapema nikaenda peke yangu kwenye tembuku nikiwa na utepe wa kupimia, daftari na simu. Nilipima upana wa mfereji, urefu wa gogo, upana wa mapengo na kina chake, nikachora. Jani kubwa la mgomba lilikuwa limekwama kwenye lile pengo dogo, na maji yote yalikuwa yamehamia upande wa pili. Kabla sijainama, mama mmoja alikuja kwa njia ya ukingo na kikapu cha sadaka kichwani, akalisukuma jani kwa kidole cha mguu, likaanguka, akaendelea na safari yake. Baadaye nilimwuliza Pak kama huyo mama ana shamba upande ule wa pengo dogo. Hapana, shamba lake liko upande mkubwa.

Bu alinifungia kilo mbili za mchele mwekundu uliokobolewa na pakiti ya chai yake, mchele uliokaangwa mpaka ukawa mweusi. Nilimwachia kanga niliyokuja nayo. Aliitandaza, akaniuliza maandishi yake yanasema nini, mwanawe akamtafsiria. Aliikunja akaiweka kwenye kijumba cha sherehe, si chumbani.

Njiani kabla ya Tabanan mjini simu ilipata mtandao mzuri. Nilimtumia baba mkubwa, ambaye bado analima shamba letu Usangu, picha ya gogo na maelezo ya sauti ya dakika nne. Alijibu mara moja, kwa sauti pia: “Nimeona. Sasa huyo anayelala hapo usiku ni nani?”

Nikamwambia kwamba usiku kwa kawaida halali mtu, na anayechezea gogo anasomwa mkutanoni na kutozwa. Kukawa kimya. Tulipita Mengwi, tukaingia kwenye msongamano wa Denpasar, na nilikuwa nimeshateremsha begi hotelini ndipo ujumbe wake wa pili ulipoingia.

“Kwetu gogo la mnazi tutalitoa wapi? Angalia kama mti mwingine utafaa. Na hivyo vipimo usivipoteze.”